Uzoefu wangu: Fundi aliyetukatia ukuta Worcester

Naandika hasira zikiwa bado za moto. Tunakaa ghorofa ya kati ya nyumba ya mbao ya familia tatu, zile kuukuu zilizojaa Worcester, Massachusetts. Tulitaka kufungua ukuta kati ya jiko na sebule. Nikapata fundi wa kwetu, nikafurahi kwamba tutaelewana kwa Kiswahili.

Akagonga ukuta kwa kiganja mara mbili. "Dada, hiki ni kiambaza tu, hakibebi kitu."

Nikamwonyesha pale plasta ya dari ilipodondoka: boriti zinakutana juu ya ukuta huohuo. Akacheka. "Wewe kapike chai, ujenzi niachie mimi."

Kapike chai! Neno hilo linaniuma kuliko pesa.

Alibomoa plasta na fito zake, vumbi la rangi ya zamani likatanda hadi kitandani kwa mtoto, na rangi yenye madini ya risasi, sumu kwa watoto, hapa ilikuja kupigwa marufuku 1978. Akakata nguzo tano za ndani ya ukuta bila kuegemeza dari hata kwa gogo. Juu ya uwazi akalaza ubao mmoja, bapa. Bapa jamani! Shika rula: ikilala inapinda, ukiisimamisha kwa ubavu inakaza. Jioni bibi wa juu akashuka kuniambia mlango wake wa chumbani haufungi.

Haki yake nimpe: miimo aliipiga randa ikawa laini kabisa. Kwa kabati ningempa nyota nne.

Fundi wa pili alianza na kibali cha manispaa, kile ambacho yule alisema ni kutupa hela. Akasimamisha kuta mbili za muda, moja kila upande, ndipo akagusa msumari. Akaunganisha mbao tatu nene, zikasimama kwa ubavu, kila ncha ikakalia nguzo fupi iliyopigiliwa kwenye nguzo ndefu. Kisha akashuka mpaka chini kukagua, maana mzigo hauishii sakafuni kwangu, unapita kwa jirani hadi kwenye msingi.

Zile nyota nne nazifuta. Nilipompigia yule wa kwanza alinijibu, "Si umeshapata mwingine?" akakata simu. Hata kabati asikugusieni.

Mlango wa bibi sasa unafunga, lakini usiku anauacha wazi. Anaogopa kunaswa ndani.