Wahitimu Weusi wa Marekani: Warudi Chuoni au Waende Ghana?

Sherehe ya wahitimu kurudi Howard, chuo kikuu cha kihistoria cha Weusi, ni rahisi: Washington, msimu wa Oktoba, mpira wa Kimarekani, bendi, nyama za kuchoma, na kelele za watu waliohitimu mwaka mmoja na kupoteana siku nyingi. Jumatatu uko kazini.

Ghana ina nauli nzito (na likizo ya kuombea). Lakini ngome ya Elmina, iliyojengwa na Wareno mwaka 1482, haina utani: mkiingia vyumba walimofungiwa mababu waliouzwa utumwani, hata mcheshi wa kundi hunyamaza. Kisha Accra kuna kaburi la W.E.B. Du Bois, msomi Mweusi wa Marekani aliyepigania haki za Weusi, mhitimu wa 1888 wa Fisk, chuo kingine cha Weusi: mtu wa vyuo hivyo hasa.

Kucheka, chuoni. Kujuana upya, mimi ningedunduliza nauli, hata kwa miaka mitatu.