Aliyempigia jakana kafi: siku yangu ya picha za ndege Nyumba ya Mungu

Nilikuwa nimeshaamua kulinyamazia. Ila juzi rafiki yangu wa Majengo kaniuliza ni nani alinipeleka bwawa la Nyumba ya Mungu kupiga picha za ndege, maana anataka kwenda na wanawe shule zikifungwa, na nilipoanza kumjibu sauti ikaanza kunitetemeka. Basi kumbe bado. Jina la muongozaji silitaji, wala sitaki anyimwe kazi. Nasimulia kilichotokea, kila mtu apime.

Ilikuwa mwaka jana, vuli imeanza kunyesha. Tulitoka Moshi saa kumi alfajiri kwa gari lake, tukashika barabara ya Mwanga, halafu tukaacha lami. Tulipofika mwaloni palikuwa bado kiza na wavuvi walikuwa wanarudi na perege wao. Mzee mmoja alikuwa anatusubiri na mtumbwi. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha pa kukaa ili nisilowe. Kulipopambazuka Kilimanjaro ikajitokeza nyuma yetu yote, haina wingu hata moja. Kwa kweli nilijiona nimebarikiwa.

Na niseme haki yake yule kijana muongozaji: kazi anaijua. Ana sikio la ajabu. Giza totoro, ndege analia mara moja tu ndani ya matete, yeye anamtaja, na kukipambazuka kweli anatoka yuleyule. Alinifundisha kumpiga picha mdiria, yule wa madoa meusi na meupe anayesimama hewani juu ya maji. Mimi nilikuwa nambonyeza ovyo, picha zote ni ukungu. Akaniambia, "Dada, muache kwanza. Mwangalie mdomo. Akiuelekeza chini, ndiyo bonyeza." Nikafanya hivyo. Mbawa zinapiga mpaka huzioni, lakini kichwa kimetulia kabisa, kama kimetundikwa kwa uzi. Mdomo ukashuka, nikabonyeza, nikampata akiwa amejifyatua kwenda majini. Miaka mitatu nilikuwa naitafuta picha ile.

Mpaka saa mbili asubuhi ningempa nyota zote. Minandi walikuwa juu ya miti mikavu iliyosimama ndani ya maji, wameanika mbawa zao, maana manyoya yao hulowa wakizamia. Yangeyange hawahesabiki. Nilikuwa nimeshapanga kichwani maneno mazuri ya kumsifia nikirudi.

Ndipo tukafika penye yungiyungi.

Jakana nadhani wengi mmemwona bila kujua jina lake: mwili wa rangi ya kahawia, shingo nyeupe, paji la uso la buluu, na vidole virefu kupita kiasi vinavyomwezesha kutembea juu ya majani yaelayo. Huyu wetu hakuwa anatembea. Alikuwa ameatamia. Kiota chenyewe si kiota cha kusifia, ni kijifungu cha majani mabichi kinachokaribia kuzama. Akainuka kidogo kujigeuza, nikayaona mayai manne, ya kahawia, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na juu yake michirizi myeusi iliyovurugika kama mtoto aliyepewa kalamu ya wino kwa mara ya kwanza. Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona kwa ndege mwingine. Alishusha mbawa zake zote mbili, akayakusanya mayai kwa ndani, akayabana kifuani. Kama mtu anayekumbatia mzigo wake ndani ya daladala.

Muongozaji akaninong'oneza, "Huyo ni dume." Kwa jakana baba ndiye anayeatamia na kulea. Jike hutaga, huondoka, hulinda eneo lake na huenda kwa madume wengine. Vifaranga wakitotolewa, kukiwa na hatari baba huwabeba chini ya mbawa, miguu yao inaning'inia nje. Yote hayo aliniambia yeye. Ndiyo maana hasira yangu haipoi. Asiyejua ningemsamehe palepale.

Nikapiga picha zangu, labda arobaini, nikashusha kamera. Nimeridhika. Yeye akasema, "Bado. Picha ni akiruka." Nikamwambia hapana kaka, muache, ana mayai. Nilitamka wazi, na mzee alinisikia. Kijana akachukua kafi iliyokuwa miguuni pake akaibamiza majini, paa!

Ndege aliruka kwa makelele, miguu imeburuzika nyuma, vidole vimetawanyika. Yai moja likabingirika mpaka ukingoni, nusu ndani ya maji. Na mimi, kidole changu kikabonyeza.

Mzee aliacha pondo. Kwa dakika nzima hakusema kitu, akamtazama tu. Halafu akasema taratibu, "We kijana, pale pana mayai." Hakungoja jibu wala ruhusa ya mtu. Akaligeuza pondo, akaurudisha mtumbwi nyuma, nyuma, mpaka tukajificha kwenye matete, akalichomeka pondo kwenye tope tukatulia. Aliniambia, "Mwanangu, tukikaa karibu harudi. Na jua hili litayapika." Kwenye mti mkavu palikuwa na kunguru wawili. Sikuondoa macho kwao.

Tulikaa pale sijui muda gani, nusu saa, labda zaidi. Kijana alikuwa anachati kwenye simu. Nilipomuuliza kwa nini amefanya vile wakati nimemkataza, alicheka, akasema: "Dada, umekuja kufuata picha au umekuja kulea mayai? Wageni wangu kwa picha kama hiyo wananipa tipu."

Umekuja kulea mayai. Mbele ya mzee mwenye umri wa baba yetu.

Jakana alirudi kwa miguu. Hakuruka. Hatua moja, anasimama, anageuza kichwa, hatua nyingine. Akapanda kiotani, akaketi. Kama lile yai la ukingoni aliliwahi au lilikuwa limeshazama, pale tulipokuwa hatukuweza kuona. Mzee alisema ameliwahi. Nadhani aliniona machozi.

Njia nzima ya kurudi hatukusemezana. Moshi mjini akadai hela yake iliyobaki, nikamlipa yote. Mpaka leo najilaumu kwa hilo, halafu najiuliza ningemkata kwa kigezo gani wakati mdiria alinipatia.

Sasa mnataka niseme muende naye au msiende. Nilipoanza kuandika jibu lilikuwa msiende. Nikifikiria sikio lile, na jinsi huku kwetu vijana wanaowajua ndege walivyo wa kuhesabu, na kwamba wengi wamejifunza wenyewe bila kufundishwa na mtu, moyo unalegea. Labda nendeni naye, ila mumwambie kabla hajapanda mtumbwini: ndege hafukuzwi kiotani, wala hapigiwi makofi, wala hachezewi sauti ya spika ili ajitokeze. Mwambieni pia tipu ipo kwa asiyefanya hivyo. Maana hiyo tipu ndiyo inayomfundisha, na sisi wenye kamera ndio tunaoitoa.

Hapana. Mimi nilimwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili, akiwa hatua moja kutoka kwangu. Nafuta nililosema: msiende naye. Nendeni mwaloni alfajiri, muulize wazee wenye mitumbwi. Huenda wasiwatajie majina ya vitabuni, lakini watajua wakati wa kurudisha mtumbwi nyuma. Mzee yule nilimpa kando elfu ishirini, akaishika kwa mikono miwili, akaniambia nirudi mvua zikiisha nione vifaranga. Sikurudi. Niliogopa kukuta hakuna kitu.

Ile picha ninayo. Jicho limetulia kabisa, kila tone la maji linaonekana, na vidole vyote vya nyuma vimenyooka. Katika picha zangu zote hakuna inayoifikia, na sijamwonyesha mtu. Wiki iliyopita kijana alinitumia ujumbe, ananiuliza hali kwa adabu zote, anaiomba aiweke kwenye ukurasa wake wapate kumwona wateja. Sijamjibu.