Mizani ya jikoni ya shilingi 28,000: gramu naziamini, mililita hapana

Nimekuwa nikioka keki za oda nyumbani kwangu Moshi kwa miaka kadhaa nikipimia vikombe, ingawa wateja wa hapa huagiza keki kwa kilo. Mapishi mengi ninayoyafuata yameandikwa kwa vikombe vya Kimarekani, ambavyo hubeba takriban mililita 237, ilhali kikombe changu cha plastiki kina alama ya 250. Mwezi uliopita nilichoka kukisia, nikanunua mizani ya kidijitali katika duka la vyombo karibu na soko la Mbuyuni. Inabeba hadi kilo 5 na kusoma gramu mojamoja.

Katika uzito sina malalamiko. Nusu lita ya maji ilisoma gramu 498, kiasi kinachonitosha kabisa. Kilichonishangaza ni unga wa ngano, ambao niliuchota mara tatu kwa kikombe kilekile. Nilipoujaza taratibu kwa kijiko na kusawazisha juu kwa mgongo wa kisu, nilipata gramu 127. Nilipokichovya kikombe moja kwa moja kwenye mfuko, 146. Na nilipokigongagonga mezani, kama tunavyoitikisa sado ya maharage sokoni ili ijae vizuri, 163. Keki ya vikombe vitatu inaweza basi kuzidishiwa gramu 108 za unga bila mwokaji kujua, na mimi nilikuwa nikiilaumu oveni. Sukari haina ubishi huo: ilicheza kati ya 210 na 215 tu.

Tatizo liko kwenye kitufe cha kubadili vipimo. Muuzaji alinihakikishia, "Mama, hii inapima mpaka mafuta, unabonyeza tu hapa isome mililita." Ni kweli inasoma, lakini inachofanya ni kuhesabu kila gramu kuwa mililita moja, jambo ambalo ni sahihi kwa maji, linakaribia usahihi kwa maziwa, na ni kosa kwa vingine vingi. Mililita 250 za mafuta ya kula zina uzito wa takriban gramu 230, kwa hiyo ukimimina hadi kioo kiandike 250 utakuwa umezidisha kama kijiko kimoja na nusu cha chakula. Kwa unga ni balaa, kwa sababu ukifuata namba hiyo utaweka karibu vikombe viwili mahali pa kimoja. Asali hukosea upande wa pili, kwani ni nzito kuliko maji na utaishia kuweka pungufu. Kijitabu kilichomo kwenye boksi hakisemi lolote kuhusu hili.

Kasoro nyingine ni ndogo. Hamira ikinyunyizwa polepole, mizani haihisi gramu 2 au 3 za kwanza, hivyo bado natumia kijiko cha chai, ambacho kwa hamira ya papo hapo hubeba takriban gramu 3. Pia hujizima haraka mno, wakati mwingine nikiwa bado navunja mayai.

Kwa anayeoka kwa biashara, bei hiyo inalipa. Kwa anayepika ugali na wali tu, kikombe kinatosha. Mimi kitufe cha mililita nimekibandika plasta, maana binti yangu alishakibonyeza mara mbili bila kukusudia.