O'Neill na Quiksilver: Kubaki na Familia au Kuuza Hisa

Familia inayoshona nguo na kuziuza Makoroboi, Mwanza, ikifika mahali pa kuamua kama ikaribishe wenye mitaji au iwaachie watoto biashara, inaweza kutazama kampuni mbili za mavazi ya watelezao juu ya mawimbi.

Jack O'Neill alifungua duka San Francisco mwaka 1952, akajulikana kwa suti za mpira za kumkinga mwili anayeingia majini, kwa sababu bahari ya huko ni baridi mno, shida ambayo muogeleaji wa Ziwa Victoria haijui. Watoto wake walikulia kazini. Pat ndiye aliyebuni kamba ya kufunga ubao wa kutelezea mguuni, na ni kamba ya namna hiyo iliyourudisha ubao kwa kasi ukampofua baba yake jicho la kushoto. Kitambaa cheusi ambacho Jack alifunika nacho jicho tangu hapo kikawa sura ya kampuni. Mwaka 1985 Pat akashika uongozi.

Quiksilver ilianzishwa Torquay, Australia, mwaka 1969, na kampuni yake ya Marekani ikaingia soko la hisa mwaka 1986. Fedha za wanahisa ziliipa mbio kupita kiasi: mwaka 2005 ilinunua Rossignol, watengenezaji wa vifaa vya kutelezea thelujini, ikaiuza mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

Familia ya O'Neill nayo iliachia haki za jina kwenye nguo, lakini ikabaki na suti za mpira. Kwa maoni yangu, mgawanyo huo unamfaa zaidi fundi wa Makoroboi, ambaye anaweza kukodisha jina lake kwa wauza fulana huku cherehani zikibaki za nyumbani.