TAHADHARI: Peoni ya bluu haipo, mimi nimeshapigwa dola 64

Wapenda bustani wenzangu, hasa tulio huku Indiana, Marekani: lile tangazo la mizizi ya "peoni za bluu" linalozunguka Facebook tangu Machi ni utapeli mtupu. Nilinunua mizizi minne.

Peoni ndiyo ua la jimbo hili tangu 1957. Mwezi wa tano mitaa inajaa, maua mazito mpaka shina linainama. Kuna meupe, mekundu, ya waridi, hata ya njano. Ya bluu hakuna; yanayouzwa kwa jina hilo ni zambarau iliyopauka tu. Haya kaniambia bibi jirani yangu, nimeshalipa. Nikairudia ile picha, nikaikuza. Ukingo wa jani nao wa bluu, na kucha ya mkono ulioshika shina pia ya bluu!

Mzigo ulichukua wiki sita kutoka China. Mfuko wa kijivu, juu umeandikwa "vito". Ndani vipande vinne vikavu kama muhogo uliosahauliwa juani, havina jicho hata moja. Mzizi mzuri wa peoni una macho matatu hadi matano, yametuna, rangi ya waridi au nyekundu, na humo ndimo shina linamotokea. Basi mimi nikavifukia hivyo hivyo, tamaa. Juni nimechimbua kimoja: kimeoza, kinanuka. Na nilikosea kuvipanda kabisa. Mnakumbuka 2020 watu walivyoletewa mbegu wasizoagiza, wizara ya kilimo ikasema zisipandwe? Mmea uliopitishwa mpakani kwa jina la vito unaweza kukuletea ugonjwa bustani nzima.

Tangazo pia linaahidi maua ndani ya siku 60. Peoni gani hiyo? Mzizi unapandwa Septemba au Oktoba, macho yasizidi inchi mbili chini ya udongo (ukizamisha zaidi utapata majani matupu), ulale na baridi yote, na maua ya kueleweka ungoje mwaka wa tatu.

Nilipolalamika wakanipa ofa ya kurudishiwa asilimia 15, au niirudishe mizizi China kwa nauli yangu. Nikapinga malipo benki, nikawatumia picha ya mfuko na ya mizizi. Hela imerudi wiki iliyopita.

Jana tangazo limenijia tena, duka lina jina jipya. Kucha bado ya bluu.