Union Version au Habari Njema: Biblia ipi imfae anayengoja wakati wa Mungu?

Anayetafuta Biblia ya kumshika mkono katika kipindi cha kungoja, iwe ni ndoa, mtoto, kazi au uponyaji, kwa kawaida atawekewa mbili mezani: Union Version ya 1952 na Habari Njema ya 1995. Zote mbili ni tafsiri za kuaminika. Ila kwa jambo hili la kungoja zinaachana kuliko wengi wanavyodhani, na pa kuanzia ni silabi moja tu.

Fungua Zaburi 27:14 katika Union: "Umngoje BWANA, uwe hodari, upige moyo konde, naam, umngoje BWANA." Itazame hiyo "m" iliyo katikati ya "umngoje". Anayengojwa hapo ni BWANA mwenyewe. Barua ya ajira haimo, mchumba hayumo. Habari Njema mahali hapo inatumia "mtegemee". Maana haijapotea, kwa sababu hangoji asiyetegemea. Kilichopungua ni muda. Mtu anaweza kumtegemea Mungu asubuhi akajibiwa kabla ya adhuhuri. Kungoja ni lazima siku zipite. Mwenye kusoma Union huipata picha hiyo kwa ukamilifu katika Zaburi 130:6, nafsi inayomngoja Bwana "kuliko walinzi waingojao asubuhi". Mlinzi wa usiku hawezi kulivuta jua, wala hana shaka kwamba litachomoza.

Kisha nenda Habakuki 2:3: "ijapokawia, ingojee." Hapa kiambishi kimebadilika, ni "i", yaani njozi, maono aliyopewa nabii. Maandiko yanaruhusu kungoja ahadi pia. Lakini zaburi za kumngoja BWANA ndizo zinazomzuia mtu asiifanye ahadi kuwa mungu wake. Kwa kuonyesha tofauti hiyo wazi, naipa Union nafasi ya kwanza bila kusita.

Ina ugumu wake, na si mdogo. "Nalimngoja BWANA kwa saburi" (Zaburi 40:1) ni "nilimngoja" kwa Kiswahili cha leo, na "saburi" ni subira. "Tutavuna kwa wakati wake, tusipozimia roho" (Wagalatia 6:9) haisemi habari ya kupoteza fahamu. Ni kukata tamaa. Kijana aliyekulia Kiswahili cha mjini atakwama mara nyingi, na akikwama sana ataifunga. Hapo ndipo Habari Njema inapolipa bei yake: soma sura nzima humo kwanza upate mtiririko, halafu rudi Union kwa mstari unaotaka kuukalia. Kufanya kinyume chake huchosha.

Ukipata Union yenye itifaki nyuma, ichukue hiyo. Itifaki ni orodha ya maneno na mahali yanapopatikana, ila usiishie kwenye neno "ngoja". Tafuta pia subiri, saburi, vumilia, tumaini, tarajia, majira na wakati. Simeoni wa Luka 2:25 hutampata kwa "ngoja", maana yeye alikuwa "akiitarajia" faraja ya Israeli.

Zoezi linalozaa zaidi halihitaji hata itifaki. Chukua penseli uandike umri pembeni mwa kurasa za Mwanzo. Abramu: 75 alipotoka Harani (12:4), 86 alipozaliwa Ishmaeli (16:16), 100 alipozaliwa Isaka (21:5). Ni miaka 25, na njia ya mkato kwa Hajiri, kijakazi aliyemzaa Ishmaeli, imo humo ndani kabla hata ya nusu ya safari. Yusufu: 17 (37:2), halafu 30 aliposimama mbele ya Farao (41:46). Miaka 2 kati ya hiyo 13 ilipita baada ya mnyweshaji wa Farao kumsahau gerezani (41:1). Ukimaliza, soma Zaburi 105:19, inayosema kwamba mpaka neno lilipowadia, ahadi ya BWANA "ilimjaribu". Gereza lilikuwa jaribu, na ahadi yenyewe nayo ilikuwa jaribu. Mstari huo unastahili wiki nzima.

Wengi huharibikiwa kwa kung'oa mstari kwenye sura yake. Habakuki 2:3 huandikwa kwenye mabango ya mwaka mpya kama ahadi ya kuinuliwa, ilhali njozi ile inahusu hukumu, na kitabu kinaishia kwa mtini usiochanua na nabii anayemfurahia BWANA vivyo hivyo (3:17-18). Isaya 40:31 nayo isomwe kuanzia mstari wa 27, pale Israeli wanaponung'unika kwamba njia yao imefichwa. Angalia na mpangilio wake: mbawa za tai kwanza, kisha mbio, mwisho kwenda kwa miguu bila kuzimia. Anayengoja kwa miaka huihitaji zaidi hiyo ya mwisho.

Msomaji Mkatoliki achukue Habari Njema yenye vitabu vya Deuterokanoni, yaani vile vya ziada vilivyomo katika Biblia ya Kikatoliki. Sura ya 2 ya Yoshua bin Sira, juu ya dhahabu inayojaribiwa motoni, ni ya mada hii hasa, na Union za kawaida za vitabu 66 hazina.

Kabla ya kulipa, ifungue katikati, penye Zaburi, uilaze mezani. Iliyoshonwa kwa uzi italala. Iliyobandikwa kwa gundi tu itajikunja, na karatasi zitaanza kutoka hapo hapo unapofungua kila siku. Soma mistari mitano kwa mwanga wa dukani, uone kama herufi zinakufaa. Karatasi ya Biblia ni nyembamba, kwa hiyo kalamu ya jeli na makapeni hupenya upande wa pili. Tumia penseli ya kawaida, na ya rangi kwa kupigia mistari. Kwa wakazi wa pwani, zipu ya chuma hushika kutu kwa hewa ya chumvi, hivyo jalada gumu bila zipu litadumu zaidi. Ukiweza kununua moja tu, na Kiswahili cha zamani hakikutishi, nunua Union ya jalada gumu yenye itifaki.