Playoff Machine ya ESPN: kikokotoo cha kuisoma wiki ya mwisho ya NFL

Kila Januari inapoanza, shabiki wa futiboli ya Kimarekani hukabiliwa na hesabu isiyofanyika kichwani. Wiki ya 18 ya NFL, ligi kuu ya mchezo huo, ndiyo ya mwisho kabla ya mchujo na ina mechi 16, na hata ukiziacha sare kando, matokeo yake yanaweza kupangika kwa namna 65,536. Timu zinazoingia kwenye mchujo ni 14 kati ya 32, saba kutoka kila konferensi, yaani kila moja ya nusu mbili za ligi, na tangu mwaka 2020 ni kinara wa konferensi peke yake anayepumzishwa raundi ya kwanza. Playoff Machine, kikokotoo kilichomo kwenye tovuti ya ESPN, kimetengenezwa kwa ajili ya hesabu hiyo, na kwa maoni yangu hakuna chombo kinachomsaidia zaidi mtu anayetaka kuielewa wiki hiyo, mradi asikigeuze kuwa mtabiri.

Matumizi yake ni mepesi. Unaletewa mechi zilizobaki, unachagua mshindi wa kila mechi au unaweka sare, na msimamo wa konferensi zote mbili unajipanga kulingana na ulichochagua, pamoja na kuonyesha nani atamkaribisha nani katika raundi ya kwanza. Lugha ni Kiingereza, lakini majina ya timu yakishazoeleka hakuna maelezo marefu ya kumkwamisha mtu.

Thamani yake kubwa imo katika kanuni za kutenganisha timu zilizolingana rekodi, ambazo kikokotoo kinazifanyia kazi bila wewe kuziona. Sisi tuliokulia kwenye soka, timu mbili zikifungana kwa pointi, macho hukimbilia tofauti ya mabao. Katika NFL tofauti ya pointi za kufunga na za kufungwa iko chini kabisa ya orodha, kiasi kwamba ni nadra kufikiwa. Timu mbili za divisheni moja, yaani kundi dogo la timu nne ndani ya konferensi, zikilingana, huangaliwa kwanza matokeo ya wao kwa wao, kisha rekodi ndani ya divisheni, kisha rekodi dhidi ya wapinzani waliokutana nao wote wawili, kisha rekodi ndani ya konferensi. Zikiwa za divisheni tofauti, rekodi ya konferensi hutangulia ile ya wapinzani wa pamoja. Baada ya hapo huja uzito wa ushindi, yaani rekodi ya jumla ya timu ulizozifunga msimu mzima, na hapo ndipo shabiki wengi hupotea njia, kwa sababu mechi ya timu mbili zilizokwisha kutolewa, ambayo hakuna anayeitazama, inaweza kumpandisha au kumshusha mtu wa tatu aliyewahi kuifunga mojawapo. Mtu akichagua mechi moja ya namna hiyo, akaona nafasi ya sita na ya saba zimebadilishana, ameielewa kanuni hiyo vizuri kuliko angeisoma mara kumi.

Kitufe cha sare nacho si pambo. Tarehe 9 Januari 2022 Las Vegas Raiders na Los Angeles Chargers walikutana katika mechi ya mwisho kabisa ya msimu, kila mmoja akiwa ameshinda 9 na kupoteza 7. Mapema siku hiyo Indianapolis Colts, waliohitaji ushindi tu, walikuwa wamefungwa 26 kwa 11 na Jacksonville Jaguars waliokuja na ushindi wa mechi mbili msimu mzima, nao Pittsburgh Steelers walikuwa wamewashinda Baltimore Ravens 16 kwa 13 katika muda wa nyongeza. Ikawa kwamba sare ingewaingiza Raiders na Chargers wote wawili na kuwatupa nje Steelers. Muda wa kawaida uliisha 29 kwa 29, wa nyongeza ukafika 32 kwa 32, na teke la mwisho la Daniel Carlson wa Raiders likapita katikati ya milingoti saa ikiishia sifuri. Raiders wakaingia, Steelers wakaingia, Chargers wakarudi nyumbani. Anayejaza kikokotoo kwa kufuata majina makubwa angewapa Colts ushindi bila kufikiri na asingeigusa sare, na mlango huo wote asingeuona.

Kuna vikokotoo vingine vinavyotoa asilimia, kikiwemo kile cha gazeti la New York Times, ambacho huendesha msimu uliobaki maelfu ya mara na kukuonyesha jinsi nafasi ya timu yako inavyopanda au kushuka unapochagua matokeo. Ni kazi nzuri, na kwa wiki za Novemba na Desemba ningekipendekeza mbele ya cha ESPN. Wiki ya mwisho ni jambo jingine, kwa sababu nguvu ya timu iliyopimwa msimu mzima huenda isiwe nguvu itakayoingia uwanjani. Tarehe 5 Januari 2025 Kansas City Chiefs walikwenda Denver wakiwa wameshinda 15 na kupoteza 1. Tangu Krismasi walikuwa wamekwisha kujihakikishia nafasi ya kwanza ya AFC, konferensi yao, hivyo nyota wao mrusha mpira, Patrick Mahomes, akapumzishwa, Carson Wentz wa akiba akaanza, na wenyeji Denver Broncos wakashinda 38 kwa 0 na kuchukua nafasi ya saba. Cincinnati Bengals, waliokuwa wamewafunga Steelers 19 kwa 17 usiku uliotangulia, wakatolewa na mechi ambayo hawakucheza. Ligi ilianza mwaka 2010 kuhakikisha kuwa mechi za wiki ya mwisho ni za divisheni moja ili kupunguza mambo ya namna hii. Chiefs na Broncos ni wa divisheni moja, na bado yakatokea.

Kwa hiyo uamuzi wa nani atapumzisha nyota wake unapaswa kuwa wako, ukiusoma kutoka kwenye taarifa za makocha na orodha za majeruhi, kisha uuingize mwenyewe kwenye Playoff Machine. Hilo ndilo linalonifanya niipende. Anayetafuta msaada wa kupanga mkeka hataupata humo, kwa kuwa kikokotoo hakimwambii kama Jaguars wanaweza kuwafunga Colts. Kinamwambia nini kitafuata wakiwafunga, na nani atalia.

Ningeshauri kianze kutumiwa kwa kurudi nyuma. Weka timu yako ndani ya mchujo kwanza, halafu badilisha mechi moja moja mpaka itolewe, na hapo utajua ni zipi zinastahili kukukesheza. Kwa aliyeko Afrika Mashariki hili lina uzito wake, maana mechi za kwanza za Jumapili huanza saa 3 usiku, kundi la pili huanzia saa 6 na dakika chache, na ile ya mwisho huanza saa 10:20 alfajiri ya Jumatatu. Mechi za Jumamosi zikiisha, ingiza matokeo yake halisi. Fanya hivyo tena saa 6 usiku. Ikifika alfajiri, katika zile njia 65,536 zitakuwa zimebaki mbili, na sare ikiwa ya tatu, nawe utakuwa unajua kila moja inamwingiza nani.